Saa Sita ya Mji Mkongwe

Sisi wapiga picha tuna usemi wetu: jua la saa sita si la kazi. Unaamka mapema kuwahi mwanga wa asubuhi, jua likikaza unajifungia ndani na kompyuta yako, alasiri unatoka tena. Dodoma nilikokulia jambo hilo halina ubishi. Mchana wa Dodoma humfanya bibi harusi mzuri aonekane ametoka kuugua: macho yanazama vivulini, pua inang'aa peke yake. Nilipohamia Unguja na binti yangu wa miaka mitatu, mabegi ya nguo na sanduku la kamera, nilikuja na imani hiyo. Mwaka mmoja wa kufanya kazi Mji Mkongwe umeniachisha. Huu ni mji wa saa sita mchana, na nitakupeleka ukaone. Ila siku ya huku haianzii hapo. Inaanzia Malindi, kiza kikiwa bado hakijaondoka vizuri.

Adhana ya alfajiri ikimalizika, mashua zinaanza kuingia dikoni. Unazisikia kabla hujaziona: injini inakoroma, inazimwa, kisha vijana wanaruka majini na kamba, wakiitana kwa majina ya utani. Makapu yanapandishwa. Vibua, changu, tasi, kolekole, ngisi, na siku za neema jodari anayehitaji mabega ya watu wawili. Hewa ni chumvi, dizeli na magamba, na chini pana utelezi wa kumvunja mtu kiuno. Dalali ananadi kwa kasi ambayo mimi, mtu wa bara, naambulia bei ya mwisho tu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiinua kamera watu wanageuza nyuso. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Hizi picha wazipeleka wapi, dada?" Swali la haki. Watu hawa wamepigwa picha na wageni miaka nenda miaka rudi, na walio wengi hawajaiona hata moja. Nikaanza kuchapisha picha ndogo na kuwaletea wenyewe. Siku hizi nikichelewa naitwa kwa sauti: "Dada wa Dodoma, leo umelala!" Na nikifika mbiombio, muuza kahawa ananishikisha kikombe kisicho na mkono, kahawa chungu inayofuka mvuke kutoka kwenye dele lake, na kipande cha kashata. "Kunywa kwanza," anasema. "Picha haziozi. Wanaooza ni samaki."

Kutoka Malindi hadi Darajani ni mwendo mfupi, na pua ndiyo inayokuongoza. Soko lilijengwa mwaka 1904, lina paa la vigae vyekundu, na biashara ilishalizidi ikamwagikia barabarani. Upande wa samaki naukwepa, nimetoka nao. Nakwenda kwenye matunda, maana hapo ndipo nilipojifunzia kalenda ya kisiwa. Katikati ya mwaka, upepo wa kusi ukivuma, ni machungwa. Kaskazi ikishika, yanakuja embe boribo, shokishoki zenye nywele nyekundu, na doriani, ambalo harufu yake hukupokea mtaa mzima kabla hujaliona. Binti yangu alilipenda doriani siku ya kwanza. Mimi bado tunazungumza nalo.

Hapa pia ndipo utakapokutana na papasi, vijana wanaowauzia watalii safari za mashamba ya viungo na za kobe wa Changuu. Kwangu walianza na Kiingereza. Nikajibu kwa Kiswahili cha Dodoma, wakacheka, mmoja akasema, "Kumbe Mbara! Umekuja kutembea?" Jina hilo la Mbara nimelibeba mwaka mzima. Lina chembe ya kejeli ndani yake, nisidanganye. Lakini mara nyingi hufuatwa na "karibu chai", na chai yenyewe inakuwa ya kweli, ina iliki na mdalasini, haitoki kwenye kijipakiti.

Nastaftahi Mkunazini, kwa mama anayepika mbaazi za nazi na mandazi kwenye kibanda kisicho na kibao. Ukichelewa saa mbili na nusu umekosa, na hatakuonea huruma. Hatua chache kutoka hapo lipo Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Mimi ni Mwanglikana, lakini wa Dodoma, tuliolelewa na wamisionari wasiotaka mapambo. Jumapili ya kwanza huku niliingia nikakuta ubani unafuka hadi darini, nikatazama kulia na kushoto kuona nani mwingine ameshangaa. Hakuna. Sasa nikienda likizo nyumbani kanisa linanuka saruji tupu. Karibu na mlango mkuu zipo nguzo zilizosimikwa juu chini. Wanasema mafundi walizisimika hivyo Askofu Edward Steere akiwa safarini. Binti yangu huinama na kuchungulia katikati ya miguu yake ili azione zimekaa sawa. Nje ziko sanamu za watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Wapo wanaopiga picha hapo huku wakitabasamu. Mimi kamera yangu hubaki mkobani.

Sasa twende Kiponda, na kutoka hapo Hurumzi, maana saa sita inakaribia.

Nyumba za huku ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa mbili au tatu, na zimesogeleana hivi kwamba kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa kuta za majirani wawili. Asubuhi na jioni, zile saa tunazoziabudu, jua linaishia kwenye madirisha ya juu. Chini pana kivuli kitupu, kijivu, kisicho na habari. Jua likifika kati ndipo vichochoro vinavyokwenda kaskazini na kusini vinapopata zamu yao. Linateremka kwa ukanda mwembamba, linagonga ardhi, linagonga ukuta wa chokaa, na kutoka pale mwanga unaanza kupanda. Unaingia chini ya ukingo wa kofia, chini ya mtandio, ndani ya daka hadi kwenye njumu za mlango. Uso unajaa nuru na hakuna jua lililougusa. Mambo hayo ni ya nusu saa hivi, kisha kivuli kinarudi kukaa mahali pake.

Aliyenionyesha ni mzee mmoja mshona kofia wa Hurumzi. Kofia zake ni za mkono, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na moja inaweza kumla wiki kadhaa. Nilimkuta barazani, mikono mitupu, kitambaa kimekunjwa pajani.

"Shikamoo, mzee. Leo hushoni?"

"Marahaba, mwanangu. Nashona. Nangoja literemke."

Nikakaa nami kungoja nisichokijua. Ukanda wa jua ulipofika miguuni pake, ukuta wa jirani ukawaka weupe. Mzee akachomoa sindano, akaiinua ielekee ukuta ule, akailamba ncha ya uzi, akatunga. Akachomoa nyingine, akatunga. Alizichomeka kwa safu kwenye kitambaa, moja baada ya nyingine, kila moja na mkia wake wa uzi mweupe, na muda wote huo hakunijibu neno hata moja. Alikuwa anatunga sindano za siku nzima. Macho yake yanayaona matundu ya sindano kwa nusu saa tu kila siku, na hakuwa tayari kuipoteza kwa soga. Kivuli kiliporudi akashusha pumzi, akaniangalia akacheka. "Haya, ulikuwa wasema?"

Tangu siku ile nina daftari la vichochoro. Mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la Unguja hupita juu ya utosi kabisa, na siku hizo hata vichochoro vya mashariki na magharibi, ambavyo miezi mingi huishia kuona mwanga wa dirishani, hulipata jua lenyewe sakafuni. Juni jua limeegemea kaskazini. Vichochoro hivyo hupata utepe tu, juu ukutani, na chini pana ubaridi wa kusi unaomfanya bibi mwenye nyumba wangu avae sweta nami nikiwa nimevaa fulana. Ukija huku na kamera, waulize wenyeji kichochoro kinakwenda wapi kabla hujauliza kina jina gani.

Bibi huyo namwita Bi Mkubwa, mtaa mzima unamwita hivyo. Nilikuja Unguja nikiwa nimeachana na baba wa mtoto, na nilikuwa nimejiandalia maelezo mafupi ya kuwapa watakaouliza. Bi Mkubwa hakuuliza. Alitaka kujua mtoto anakula nini na kama anaogopa ngazi, maana ngazi za nyumba hii ni za mbao, zimesimama wima, na hazina huruma kwa mtu aliyebeba kitu. Ndani ya wiki mbili tatu binti yangu alikuwa anawaamkia wazee "Cheichei!" kwa lafudhi ya hapa, na milango ambayo kamera yangu ingeigonga hadi kesho ikawa inamfungukia yeye. Nami nikapita nyuma yake.

Oktoba mama yangu alikuja kutoka Dodoma. Bahari aliitazama akiwa mbali, akasema imemtosha. Kilichomsumbua ni kitu kingine: "Hawa watu uwanja wao uko wapi? Wanaanikia wapi mahindi?" Mama hapendi picha. Karibu zote alizonazo ni za vitambulisho. Lakini mchana mmoja nilimkuta barazani na Bi Mkubwa, wamebanana, wanabishana kuhusu mlenda na nazi, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa chakula alichokulia. Jua lilikuwa utosini, ukuta wa mbele unawaka. Nikapiga. Katika kazi yangu yote ya mwaka huu naipenda picha ile kuliko nyingine, na hakuna aliyenilipa.

Usidhani mji huu unakubembeleza tu. Masika ikifungua, maji yanageuza kichochoro kuwa mfereji na viatu vyako vinabaki na harufu hadi Juni. Umeme unakatika albamu ikiwa katikati ya printa. Unyevunyevu wa hewa ni adui wa kimyakimya: ukungu unaota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba nyeupe, na ukishaingia huuondoi kwa kitambaa. Mimi lenzi zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vijipakiti vya kukausha unyevu ambavyo Bi Mkubwa na majirani hunikusanyia kutoka kwenye maboksi ya viatu na chupa za vidonge. Wananiletea ngumi imefumbwa, "Haya, chakula cha mashine yako." Na kunguru! Waliletwa mwishoni mwa karne ya 19 kusafisha mji, wakaamua kuumiliki. Mmoja aliondoka na kifuniko changu cha lenzi, akaenda kukaa juu ya antena kukikagua.

Ramadhani nayo ilinikuta mgeni. Mchana unakula ndani, dirisha limefungwa, hiyo ni adabu tu. Lakini jua likizama mlango unagongwa, na mtoto wa jirani amesimama na sinia lililofunikwa kawa: muhogo wa nazi, tambi, tende, mkate wa ufuta bado wa moto. "Mama kasema mfutari." Hatukufunga. Wanajua hatukufunga. Sinia lilikuja mwezi mzima.

Mchana ukipoa nashuka Shangani kwa kupitia Barabara ya Kenyatta, na huwa nasimama Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, mwanawe Rohit akaja kuiendeleza, na kuta zimejaa picha za nyeusi na nyeupe: masultani, majahazi, mitaa niliyoipita asubuhi ileile ikiwa na watu wengine. Kabla yake walikuwapo wakina Gomes, Wagoa waliofanya kazi hii hapa tangu karne ya 19. Nawaonea wivu kwa karatasi. Picha zao unaweza kuzikaribia hadi pua ikagusa kioo. Zangu nyingi zinaishi kwenye simu za watu na kufa nazo simu zikianguka chooni. Ndiyo maana printa yangu haipumziki, umeme ukiruhusu.

Kodi yangu hata hivyo hailipwi na vichochoro. Inalipwa na harusi, tena za wanawake. Alasiri hii tunaingia nyumba moja ya Baghani. Samahani kama wewe ni mwanamume, ngojea nje. Mlangoni pana kapu, na kila anayeingia anaacha simu yake ndani ya kapu hilo. Ninayepita na kamera ni mimi tu, na masharti yangu yanajulikana: picha nazichagua na kuzitengeneza mwenyewe, hazipiti mkononi mwa mwanamume, haziendi mtandaoni, na kazi ikiisha memori kadi namkabidhi mama wa bibi harusi, yeye na mkono wake.

Ukumbi wa juu ni moto na harufu: asumini, mkadi, liwa, na singo aliyosuguliwa biarusi tangu majuzi hadi ngozi yake imekuwa na mng'aro. Ameketi miguu imenyooshwa juu ya mto. Mchoraji amemaliza hina nyekundu nyayoni na sasa anapita na piko, jani baada ya jani, wino mweusi ukitoka mwembamba kuzunguka kifundo. "Usicheke, utanivunjia ua!" Na mashangazi, bila shaka, hapo ndipo wanapoanza kusimulia vichekesho. Baadaye somo yake anamsimamisha, anaweka chetezo chini, anatupa kipande cha udi kwenye kaa, anamzungushia kanga kama hema. Moshi unapanda ndani, unapotea, kisha unatokea shingoni na kupita katikati ya nywele. Naipata picha hiyo mara moja tu, sekunde mbili, hata kuangalia nimepata nini sipati nafasi.

Wageni wanavua mabuibui na rangi zote za dunia zinatoka. Ngoma inapigwa, noti zinatuzwa, na bibi aliyeingia akiegemea mkongojo anaucheza mkongojo wenyewe. Nafikiri kazi yangu bora ya mwaka huu imo kwenye nyumba hizi, kwenye kabati za mama za watu, imefungwa kwa ufunguo. Siwezi kukuonyesha. Wala kutoka bila kula huwezi. Nilijaribu kusema nimeshiba, nikawekewa sahani ya pili ya biriani kwa ajili ya utovu huo wa adabu.

Magharibi inatukuta Forodhani. Beit el Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, mwaka wangu wote niliiona ndani ya uzio. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, ikaua watu wawili, na wenyeji wakipita hapo bado hupunguza sauti. Mbele yake vijana wanakimbia na kujirusha baharini, wanapinda hewani, wanatoka wanadai kuona. "Hebu nione! Ah, dada, miguu yangu umeikata!" Jua linazama na kila mtu ameinua simu. Kwangu hiyo ni saa ya kula.

Meza za mishikaki, pweza na ngisi zinawashwa taa, miwa inapita kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujashika kitu, hasa ukiwa na kamera shingoni. Mimi juisi naichukua hapa, lakini urojo naufuata kichochoroni kwa dada anayeutengeneza kwa mkono mmoja huku akimlea mtoto kwa mwingine: rojo la manjano lenye ukali wa embe mbichi, ndani viazi, bajia, kachori, yai, juu yake chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili unayoijutia kwa furaha. Bi Mkubwa na binti yangu wananikuta hapo. Mtoto anaomba usiwekwe pilipili, kisha anachovya kwenye yangu.

Simu inaita. Ni mama wa bibi harusi wa wiki iliyopita. Salamu zinachukua muda wake, za nyumba, za mtoto, za Bi Mkubwa, za Dodoma ambako hajawahi kufika.

"Mwanangu, picha nzuri mashaallah. Lakini mbona dada yangu mkubwa hayumo?"

"Yumo, mama. Ila kila nikimlenga amegeuka anaangalia jikoni."

Kimya kidogo, kisha kicheko kinachonifanya niitoe simu sikioni.

"Ndivyo alivyo huyo. Basi njoo Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nyumba itakuwa yetu. Na uje na mtoto, pilau itakuwepo. Safari hii nitamkalisha mgongo kwa jikoni."